Besi Nne, Mtaa wa Selkirk

Winnipeg ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Mimi nyuzi zangu ni nne tu, nazo zilikuwa kwa fundi
tangu Jumatatu.
Majira haya hita hukausha nyumba mpaka mbao zikakonda,
shingo ya besi inasinyaa, vifito vya chuma vinachomoza ncha
kama miiba ya ngege,
na kila nikiteremka kwenye noti za chini
kiganja kinatoka na mstari wa damu.

Indonesia, nikasema moyoni. Ndiyo bei yake.
Nikaja na dola elfu moja mia nane ndani ya soksi,
za zamu ya usiku, kiwanda cha mikate,
nikamwambia Orest Hnatiuk: leo nataka ya Amerika.

Orest habishani na mteja. Aliomba skafu yangu,
akanifunga macho, fundo kisogoni.
"Nne, Nasimiyu. Niambie kila moja imezaliwa wapi."

Ya kwanza ilinilalia begani kama gunia la unga.
Nikapiga uzi mnene bila kuubana,
sauti ikapita chini ya zulia, ikatokea kwenye vioo vya dirisha.
Meksiko, nikasema. Ina ukali mwishoni,
kama pilipili iliyochelewa.
(Nilijua ni upuuzi. Nilisema kwa uhakika.)

Ya pili, shingo laini, kila kitu mahali pake,
hata vitufe vinazunguka kimya
kama kufuli lililotiwa mafuta.
Japani. Hii haihitaji mashahidi.

Ya tatu sikuipenda.
Kuna noti moja, katikati ya shingo,
ilikuwa ikifa kabla sijaimaliza,
mgeni anayeondoka bila kuaga.
Korea, nikasema, ya miaka ile ya rahisi. Lete nyingine.

Ya nne,
jamani.
Iliingia mkononi kama mazungumzo tuliyoyakatiza jana.
Hakuna mwiba.
Nikapiga ule mwendo wa Jumapili, ibada ya pili,
pale kwaya inapoyumba na mimi ndiye
ninayewashika kiuno wasianguke.
Sauti nene, ya duara, isiyo na haraka.
"Hii ndiyo Amerika," nikasema. "Nifungie."

Kimya.
Nikasikia basi likipita nje likisaga theluji,
na Orest akikimezea kikohozi kicheko chake.

Nikavua skafu.
Ya kwanza Japani. Ya pili Meksiko.
Ya tatu, niliyoizika hai, Amerika,
bei yake ikining'inia kichwani kama hirizi.
Na ya nne ilikuwa na kibandiko cha ua
nilichokibandika mwenyewe kuficha mkwaruzo,
na pale kwenye ukingo, rangi iliyoliwa na mkono wangu
kwa miaka sita.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Wahenga hawakusema neno
juu ya kitanda ulichokilalia miaka sita
usilijue godoro.

"Nimezipiga tupa zile ncha," akasema,
"nikaunywesha ubao mafuta. Basi. Dola arobaini."
Kisha, kama mtu aliyekumbuka deni dogo:
alipoifungua shingo alikuta maandishi ndani,
mahali mbao mbili zinapokutana na hakuna anayetazama.
Akanionyesha picha kwenye simu.
Penseli, mwandiko wa haraka: Wulandari,
na tarehe ya mwezi wa Machi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikisema Indonesia
kama mtu anayetaja bei.

Sitadanganya: mlangoni niligeuka
nikaitazama tena ile ya tatu,
jina lake limeandikwa kwa dhahabu, limejikunja kwa maringo.
Jina bado lina utamu wake.
Kisha nikasimama kituoni, besi mgongoni,
basi limechelewa,
na ndani ya soksi noti zote
zikinikwaruza kisigino.